Tu na Vous: neno dogo la Kifaransa na heshima ya mtu

Mtoto wa shule akianza Kifaransa anafundishwa mapema maneno mawili mafupi: « tu » na « vous ». Mwalimu anaandika ubaoni: « tu » maana yake wewe, « vous » maana yake ninyi. Mtoto anaandika katika daftari, anakariri, anapata pointi zake. Mafundisho hayo si ya uongo, lakini ni nusu ya jambo. Nusu ile nyingine watu wengi hawaipati darasani. Wanaipata baadaye, katika biro ya leta, hospitalini, mbele ya karani, mara nyingine hata katika baraza ya misioni. Tena mara nyingi wanaipata kwa uchungu.

Tunapenda kueleza jambo hili kwa sababu tatu. Kwanza, seminaristi anasoma na kusali kwa Kifaransa kila siku, naye anapaswa kujua anachosema. Pili, katekista anapewa mara nyingi kitabu cha Kifaransa, anaambiwa awafundishe watu kwa Kiswahili. Akikosa neno hilo, anakosa fundisho lenyewe. Tatu, na hiyo ndiyo sababu kubwa kupita zote, kwa neno hilo moja mtu anaweza kuinuliwa ao kushushwa.

I. Maana ya maneno haya

Kiswahili kinapambanua hesabu, basi. Mtu mmoja ni wewe, watu wengi ni ninyi. Mtoto wa miaka mitano ni wewe, Askofu ni wewe, Mungu mwenyewe ni Wewe.

Kifaransa kinapambanua mambo mawili kwa mara moja: hesabu na heshima. « Tu » ni la mtu mmoja tunayezoeana naye: ndugu, rafiki, mtoto. « Vous » lina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kuita watu wengi. Kazi ya pili ni kuita mtu mmoja kwa heshima: mtu tusiyemjua, mtu mzima, mkubwa. Ndiyo maana neno « vous » peke yake halitoshi kutujulisha kama anayeambiwa ni mmoja ao ni kumi.

Alama zipo za kutusaidia. Mtu akiandika « vous êtes venu », pasipo herufi s, anasema na mwanamume mmoja kwa heshima. Akiandika « vous êtes venus », anasema na wengi. Vilevile « vous-même » ni mmoja, « vous-mêmes » ni wengi. Lakini alama hizo ni za macho. Sikio halizisikii.

Desturi hii ilitoka wapi? Wanaosoma Kilatini wanajua kwamba Waroma wa zamani hawakuwa nayo. Cicero aliposema mbele ya Caesar, mwenye nguvu zote, alimwita « tu ». Ni baadaye, wakati wa makaisari wa mwisho, watu walipoanza kumwita mtawala mmoja « vos », kama kwamba yeye peke yake ni wengi. Naye mtawala alijiita « nos ». Mabaki ya desturi hiyo tunayo hata leo: Askofu anapoandika barua kwa Kifaransa anaweza kujiita « Nous », na sisi tunaoandika makala tunasema « sisi » hata kama kalamu ni moja. Kutoka kwa watawala neno likashuka kwa mabwana, kutoka kwa mabwana likafika kwa watu wote wenye adabu. Katika Mapinduzi ya Ufaransa, mwaka 1793, wakubwa wa serikali mpya walitaka watu wote waitane « tu », ili wawe sawa. Haikudumu. Heshima haiondolewi kwa amri, wala haiingizwi kwa amri.

Mwaka 1960 wataalamu wawili wa Marekani, Roger Brown na Albert Gilman, walichapisha uchunguzi juu ya maneno ya namna hii katika lugha za Ulaya. Walionyesha kwamba kuna njia mbili za kuyatumia. Katika njia ya kwanza, watu wawili wanaitana sawasawa: wote « tu », kwa sababu wanazoeana, ao wote « vous », kwa sababu wanaheshimiana bila kuzoeana. Katika njia ya pili, mmoja anatoa « tu » na kupokea « vous ». Hapo neno halionyeshi urafiki tena. Linaonyesha nguvu: mmoja yuko juu, mwingine yuko chini.

Tushike vema jambo hili, maana ndilo ufunguo wa yote yanayofuata. Ubaya hauko katika neno « tu ». Ubaya uko katika « tu » isiyoruhusiwa kurudi ilikotoka.

II. Neno hili katika nchi yetu

Mwaka huohuo wa 1960, tarehe 30 Juni, sikukuu ya uhuru, Patrice Lumumba alisimama mbele ya Mfalme Baudouin huko Léopoldville. Alihesabu mateso ya wakati wa ukoloni: kazi ngumu, mishahara midogo, mapigo, mashamba yaliyonyang'anywa. Katikati ya mambo makubwa hayo alitaja neno hili dogo. Alikumbusha kwamba mtu mweusi aliitwa « tu », si kama rafiki anavyoitwa, bali kwa sababu « vous » ya heshima iliwekwa kwa ajili ya Wazungu peke yao.

Mgeni aweza kustaajabu: neno la sarufi linawekwaje pamoja na fimbo na kunyang'anywa shamba? Wazee wetu hawakustaajabu. Mji huu wa Bukavu, ulioitwa Costermansville hadi miaka ya 1950, ulikuwa na Wazungu wengi, na watu weusi wengi waliowafanyia kazi nyumbani, dukani na katika mashamba ya kahawa na ya chai. Baba wa watoto sita, mwenye mvi kichwani, aliitwa « tu » na kijana wa Kizungu aliyefika juzi. Naye alipaswa kujibu « vous », na kuongeza « Monsieur ». Wale walioitwa évolués, waliosoma sana na kuvaa koti na tai, walisikia uchungu kupita wengine, kwa kuwa walijua Kifaransa barabara. Asiyejua lugha hasikii tusi. Aliyeijua alilisikia kutwa.

Mtu atasema: lakini Wazungu wengi walisema nasi kwa Kiswahili, na Kiswahili hakina « tu » na « vous ». Ni kweli. Lakini dharau ikifungiwa mlango mmoja inatafuta mwingine. Katika Kiswahili haikukaa katika neno wewe, ilikaa katika jina la kuita. Mzungu, hata kijana, alikuwa Bwana. Mweusi, hata mzee, alikuwa boyi. Ni kusema, mizani ilikuwa ileile: upande mmoja ulitoa na haukurudishiwa; upande mwingine ulipokea na haukurudisha.

Na hapa tunajifunza kitu juu ya lugha yetu wenyewe. Kiswahili kinaheshimu sana, lakini hakiheshimu kwa kiwakilishi. Kinaheshimu kwa jina linalotangulia na kwa sauti. Tukisema « Baba, umeamka vizuri? », heshima yote imo katika neno Baba, ile « u » inayofuata haiharibu kitu. Tukipaza sauti « Wewe! Njoo hapa! », tumemtukana mtu, ingawa neno ni lile lile. Jirani zetu wa ng'ambo ya Ruzizi wana njia nyingine: katika Kinyarwanda anayesalimu rafiki ao mtoto asubuhi anasema « Waramutse », na anayemsalimu mkubwa anasema « Mwaramutse », kwa wingi, kama Kifaransa. Basi kila lugha ina kiti chake cha heshima. Ni juu yetu kujua kiti hicho kiko wapi, tusimketishe mgeni chini kwa kutojua.

III. Neno hili katika sala

Sasa tuingie kanisani. Kwa karne nyingi Wakatoliki wa Ufaransa na wa Ubelgiji walimwita Mungu « vous ». Katika Notre Père walisema « votre nom », « votre règne ». Waprotestanti wa lugha hiyo walisema « tu ». Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ulioruhusu lugha za watu katika liturjia kwa hati ya tarehe 4 Desemba 1963, tafsiri mpya ilitengenezwa, Wakatoliki, Waprotestanti na Waortodoksi wakikubaliana. Tangu Pasaka ya mwaka 1966 Wakatoliki wakaanza kusali « ton nom », « ton règne ».

Tufikiri kidogo juu ya mtu wa Kadutu aliyejua Kifaransa miaka ile. Mwaka 1960 alisikia kwamba « tu » ilikuwa tusi walilorushiwa watu weusi. Mwaka 1966 akaambiwa amwite Mungu « tu ». Je, Mungu ameshushwa akawa kama boyi? Swali hilo si la mchezo, wala si la watu wajinga. Hata huko Ulaya Wakristo wazee walisikitika, wakaona kwamba heshima imepotea.

Tunajibu kwa kupambanua. Kuna « tu » mbili. Ya kwanza inashuka kutoka kwa bwana, inamwambia mtu: wewe si kitu. Ya pili inapanda kutoka kwa mtoto, inamwambia baba: mimi ni wako. Kwa sikio ni neno moja. Kwa moyo ni maneno mawili yanayopingana. Mtoto anayemwita baba yake « tu » hamdharau, anaonyesha kwamba yeye si mgeni katika nyumba ile. Na Bwana wetu hakutufundisha kusema « Ee Mtawala », ametufundisha kusema « Baba ». Neno Baba likikwisha kusemwa, heshima imekwisha kutolewa yote, kama vile tulivyoona katika Kiswahili.

Tena tafsiri ya mwaka 1966 haikuleta kitu kigeni. Ilirudi kwenye asili. Kigiriki cha Injili kinasema jina « lako », la mmoja. Kilatini kinasema « tuum ». Na katekista wetu, aliyewafundisha watoto chini ya mti kusali kwa Kiswahili, alisema « jina lako » tangu mwanzo. Hakubadilisha kitu mwaka 1966, kwa sababu hakuwa na kitu cha kubadilisha. Katika jambo hili Kiswahili cha kijijini kilikuwa karibu na Injili kupita Kifaransa cha vitabu vizuri.

Lakini desturi ya zamani haikuondoka yote. Katika salamu ya Bikira Maria Wafaransa wanaendelea kusema « Je vous salue », ingawa Kilatini kinasema « tecum » na « tu ». Katika Misa watu wanamjibu padri « Et avec votre esprit », ingawa padri ni mmoja na Kilatini ni « spiritu tuo ». Basi anayesali Rozari kwa Kifaransa anamwita Baba wa mbinguni « tu », halafu anamwita Mama yake Yesu « vous ». Asifikiri kwamba Maria anaheshimiwa kupita Mungu. Ni desturi mbili za nyakati mbili zilizokutana katika mdomo mmoja.

Katika ubatizo padri anasema « je te baptise » kwa kila mtu: mtoto mchanga, profesa, chifu, mama mzee wa miaka themanini. Hapo hakuna « vous » ya mkubwa. Wote wanaitwa na Mungu kwa neno moja, na wote wataruhusiwa kumrudishia neno hilohilo: yeye atawaita « tu », nao watamwita « tu ». Hiyo ndiyo « tu » iliyo huru kurudi.

IV. Hatari ya kutafsiri

Tunarudi kwa katekista na kitabu chake. Kila anapokuta « vous », ajiulize: ni mmoja anayeheshimiwa, ao ni wengi? Akitafsiri « ninyi » mahali pa mtu mmoja, wasikilizaji watageuka kutafuta yule wa pili. Akitafsiri « wewe » mahali pa wengi, atapoteza fundisho.

Tutoe mifano miwili. Katika Luka 22, 31-32, Yesu anasema na Simoni. Kwanza anasema kwamba Shetani amewataka « ninyi », kwa wingi, yaani mitume wote. Halafu anasema kwamba yeye amemwombea « wewe », mmoja, yaani Petro. Kilatini kinaonyesha wazi: « vos », kisha « pro te ». Vita ni ya wote, sala ni kwa ajili ya mmoja ili awaimarishe ndugu zake. Anayetafsiri « wewe » pande zote mbili ameondoa ndani ya fundisho kazi ya Petro katika Kanisa.

Mfano wa pili ni Yohane 3, 7. Nikodemo amekuja peke yake usiku. Yesu anamwambia « tibi », wewe. Lakini anapotaja lazima ya kuzaliwa mara ya pili anasema « vos », ninyi. Ile « vous » ya Kifaransa hapo si heshima kwa mwalimu wa Israeli. Inawahusu watu wote, na sisi ndani yao.

Katika Maandiko Matakatifu, ambamo Kigiriki na Kilatini hakuna wingi wa heshima, kanuni ni nyepesi: ukikuta « vous », karibu sikuzote ni wengi. Katika barua, riwaya na vitabu vya maisha ya watakatifu ni kinyume: « vous » ni mara nyingi mtu mmoja.

V. Desturi njema kwetu sisi

Tutaje sasa kanuni chache za kufuata.

Kwanza, kwa Kifaransa, mtu mzima usiyemjua ni « vous », hata kama hana viatu. Mama anayeshuka na mzigo wa viazi mgongoni ni « vous » sawasawa na bwana anayeshuka katika gari.

Pili, usitoe « tu » usiyokubali kuipokea. Padri wa miaka thelathini anayemwita katekista wa miaka sitini « tu », na kungoja « Monsieur l'Abbé, vous », anaendesha mizani ileile iliyotuumiza zamani. Ni mikono iliyobadilishwa, mizani haikubadilishwa. Vilevile kwa mpishi wa misioni, kwa zamu wa usiku, kwa mwalimu anayekuja kuomba barua. Kama mnazoeana, itaneni « tu » wote wawili. Kama hamzoeani, « vous » wote wawili.

Tatu, katika Kiswahili tanguliza jina la heshima: Baba, Mama, Mzee, Yaya, Mwalimu. Halafu endelea na « u » bila woga. Usiite mtu mzima « wewe » tupu.

Nne, katika sala ya Kifaransa usichanganye. Tunasikia mara nyingi: « Seigneur, nous vous prions, donne-nous... » Chagua moja, uifuate mpaka mwisho. Na sala iliyoandikwa katika kitabu cha Kanisa uisome kama ilivyoandikwa.

Wengine watapinga: « Mambo haya ni sarufi ya Wazungu. Yatuhusu nini? » Tunajibu kwamba Kifaransa kimebaki lugha ya mahakama, ya ofisi na ya shule za juu katika Jamhuri yetu. Mtu maskini anakutana nacho hasa siku ya taabu yake. Mtume Yakobo, katika sura ya pili ya barua yake, anasimulia watu wawili wanaoingia katika kusanyiko: mmoja ana pete ya dhahabu na nguo nzuri, mwingine ana nguo chafu. Wa kwanza anapewa kiti, wa pili anaambiwa asimame kule. Kama Yakobo angeandika katika mji wetu, tunadhani angeongeza kwamba wa kwanza aliitwa « vous », na wa pili aliitwa « tu ».

Wengine watapinga kwa upande wa pili: « Vijana wa leo wanaita kila mtu tu. Ni unyofu, si dharau. » Tunakubali, kama ni kweli kwamba wanaita kila mtu. Tuwapime kwa jambo moja: siku watakapofika mbele ya gavana ao ya mwenye mali, je, « tu » yao itabaki? Ikigeuka « vous » mbele ya mwenye nguvu na kubaki « tu » mbele ya maskini, haikuwa unyofu.

Paulo alimwandikia Filemoni barua fupi kwa ajili ya Onesimo mtumwa wake aliyetoroka. Hakuandika amri juu ya maneno ya kuitana. Aliomba kwamba Onesimo apokewe kama ndugu mpenzi, tena kama Paulo mwenyewe. Hatujui Filemoni alitumia neno gani Onesimo alipofika mlangoni. Lakini tunajua kwamba Onesimo, mara tu alipoitwa, aliweza kupima kwa neno la kwanza kama barua ya Paulo imesomwa vema. Vivyo hivyo wanaobisha mlango wa misioni zetu.